Visahani Viko kwa Zuwena

Babati, Jumapili, 8 Juni. Miaka sitini na moja tangu tukimbie Pemba, mimi na baba, na vikombe sita vya marehemu mama. Visahani vyake vilibaki huko Pemba kwa dada yangu, Zuwena.

Vikombe vilivunjika kimoja kimoja njiani na katika kuhamahama. Nimezeeka nikitafuta vingine vyenye waridi lile lile na ukingo wa dhahabu. Leo Mama Neema, jirani yangu hapa Maisaka, ameniletea cha sita kutoka mnadani.

"Hiki nacho utakifungia kabatini? Si unywee chai, Mzee Salimu!"

Nilimpigia Zuwena simu.

"Nani weye?"

"Mdogo wako, Salimu. Vikombe vimetimia, dada. Nakuja."

"Muongo! Salimu mtoto. Sauti gani hiyo ya kizee? Visahani namwekea yeye, simpi mtu."

Nilimtajia jina la mama. Akakata simu.

Vyote sita viko mezani na sijui nivifanyie nini. Nikitokea mlangoni kwake na mvi hizi, nitamnyang'anya hata huyo mtoto anayemngoja.

Sitarudi.