Mkanda wa Askari Kwenye Miguu ya Ng'ombe

Shikamoo Mama Evelina,

Nipo chini ya miguu yako, naomba unishauri kabla nyumba yangu haijavunjika. Mimi ni mtumishi wa serikali, nakaa Miyuji, na ninakusanya vifaa vya ngozi vya wanajeshi wa karne ya kumi na tisa, mikanda, mifuko ya risasi, ala za bayoneti, vyote viko sebuleni kwenye kabati la vioo na kila Jumapili navipaka mafuta, na mke wangu Sidonia alikuwa analalamikia harufu tu. Sasa juzi tulikwenda ukweni Buigiri, nikamwona mama mkwe kwa mbali zizini anamfunga ng'ombe miguu ya nyuma ili amkamue, na alichomfungia, mama yangu, ni mkanda halisi wa askari wa Mjerumani, una bizimu ya shaba, ngozi bado laini, umejaa kinyesi! Moyo uliniuma sana. Ningeuomba, lakini kwetu Wagogo mkwe hasemezani hovyo na mama mkwe, ni heshima, basi nikangoja aondoke nikauokoa, nikamwachia kamba mpya ya nailoni. Sikuiba, nilibadilisha. Kumbe nailoni inateleza, kesho yake ng'ombe akachomoa mguu akampiga mama mkwe teke, mkono ukavunjika, na Sidonia alipoukuta mkanda kabatini akambeba mtoto akarudi kwao, anasema hanijui mpaka niurudishe. Mama, ukirudi zizini utaoza! Na yule ng'ombe mwenyewe ni mkorofi. Nimwelezeje Sidonia kwamba mimi nahifadhi historia?

Apolinari, Miyuji

Marahaba, Apolinari.

Pole kwa upweke. Mama mkwe nampa pole mimi, maana wewe katika barua nzima pole zako zote umeupa mkanda. Heshima ilikuzuia kuomba, mwanangu, lakini haikukuzuia kuiba. Ndiyo, umeiba.

Unaogopa utaoza? Wewe mwenyewe umeukuta laini. Umetunzwa na yule mama bila kabati na bila wewe. Halafu fikiri kidogo: huo mkanda ulianza kazi kiunoni mwa mtu aliyetumwa kuwanyang'anya babu zetu ng'ombe, ukafika mahali pa kumtuliza ng'ombe ili wajukuu wanywe maziwa. Mimi naona ulikuwa umepanda cheo. Wewe ukaushusha tena, ukajiita mhifadhi.

Sasa sikia. Jumamosi hii nenda Buigiri. Usijitie kumkabidhi mama mkononi, mpe shemeji yako aupeleke ndani, naye aseme wazi ni nani aliyeuchukua. Matibabu ya mkono ni juu yako, usingoje kuambiwa. Na mpaka mkono upone, omba likizo kazini, ukakamue wewe. Huyo ng'ombe unayemwita mkorofi mtazoeana.

Sidonia akitoka uani kukuuliza umefuata nini, mwambie umemfuata yeye na mtoto, omba msamaha, unyamaze. Ukianza kumweleza umri wa bizimu, mimi mwenyewe nitamshauri abaki kwao.