Jeneza la Mzee Bertrand

Berea, Johannesburg, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari za Uvira? Mgongo unasemaje? Sisi wazima, tumbo la Murielle limekuwa kubwa, mtoto anapiga mateke tu. Zuhura wa jirani akusomee polepole kwenye simu yake.

Mama, nimebanwa. Mzee Bertrand, yule Mfaransa aliyenifundisha useremala, anakufa kwa ini. Aliianza kazi Paris akiwa bado mtoto, akaja huku, matajiri wa Sandton wakagombania makabati yake yasiyo na msumari hata mmoja. Sasa wananunua ya kiwandani, na mikono yake inatetemeka. Jana kaniambia: “Petit, kijana wangu, nitengenezee jeneza. Nataka nilione kwa macho yangu.” Nimjibu nini?

Mwanao, Ildephonse

Uvira, 9 Machi

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Mgongo ni ule ule, usiuulize. Una wazimu? Jeneza la mtu anayepumua, na mkeo ana mimba! Kwetu fundi hampimi mtu aliye hai, kifo kisije kikahamia nyumbani kwa fundi. Nimekukataza. Mzungu wako atanisamehe.

Mama yako, Capitoline

Berea, 20 Machi

Mama,

Nakusalimu, natumaini u mzima.

Nilimkatalia. Hakugomba. Alichukua msumeno mwenyewe, akashindwa kumaliza ubao mmoja, akakaa chini akalia. Sasa hainuki kitandani. Kila asubuhi anauliza kama nimeanza, nami namdanganya kwamba kesho. Nikishika patasi namuwaza mtoto, naiweka chini. Niondolee katazo lako, Mama. Jibu upesi, nakusihi, nimechoka kumdanganya.

Mwanao

Uvira, 14 Aprili

Mwanangu,

Mmeamkaje huko? Vita vilikata mtandao, barua yako nimesomewa leo. Nimelia sana. Baba yako nilimzika kwa mkeka tukiwa tunakimbia, unajua. Mtengenezee mzee. Kama kuna ubaya, uje kwangu, umwache mjukuu.

Mama yako

Berea, 15 Aprili

Mama,

Pole kwa vita. Mjukuu wako amezaliwa, wa kike, mzima kabisa.

Mzee alifariki mwisho wa Machi. Binti yake Clémence alikuja kutoka Ufaransa, akanunua jeneza la dukani, la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, skrubu kila kona. Nilimwomba siku mbili tu nilitengeneze mwenyewe. Tiketi yake ya ndege haikungoja.

Nilibeba upande wa kichwa. Kona ilianza kuachia, nikaibana kwa kiganja, skrubu ikinichoma, mpaka kaburini.

Mwanao, Ildephonse