Safu Niliyoiacha Wazi

Garissa, Jumatano

Mama Neema mpenzi,

Hamjambo huko Voi? Mimi mzima, ila jua limeniunguza masikio.

Leo nilikuwa soko la mifugo na zile fomu za wizara. Tangu nchi iingie mkataba wa biashara ya huduma, wakubwa wanataka kujua kila kazi inafanywa na mwenyeji au mtu wa nje. Nikamkuta Mzee Hirsi, dalali, yeye na mnunuzi wameingiza mikono chini ya shuka, wanapatana bei kwa vidole. Yeye ndiye anayedhamini kwamba ng'ombe si wa wizi. Nikamuuliza kama ilivyoandikwa kwenye safu ya tatu: "Wewe ni mwenyeji au mgeni?"

Mzee akatoa mfukoni kadi ya msasa, ile waliyopewa Wasomali waonyeshe kuwa ni Wakenya, kaifunga kwenye nailoni. Madalali wenzake nao wakatoa zao, wakapanga foleni mbele yangu bila kuambiwa.

"Andika bolebole, ofisa," akasema. "Jina langu isikosewe."

Nikamwapia kwamba ni habari za biashara tu. Akaninunulia chai ya maziwa ya ngamia, lakini kadi hakuirudisha mfukoni.

Mbusu Neema, na mniombee. Ile safu nimeiacha wazi. Fomu zinaondoka kesho kwenda Nairobi, na ninaogopa huko hatakosekana mtu wa kuijaza "mgeni".

Wako,
Baba Neema