Kisa cha Stela Kinywani Mwangu

Jumatatu, 27 Juni 1994

Nimefungua belo la mitumba saa moja asubuhi. Mashati thelathini na nne. Mazuri kumi na tisa, yenye kasoro tisa, sita hayafai hata kufutia sakafu. Nimeyapanga kwa ukubwa, kola zote upande mmoja. Wateja wachache.

Saa nne muuza nyanya wa meza ya pili akaniita: "Bi Zamu! Leo hukwenda getini?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kopo la kupimia. Nikaendelea kukunja.

Niandike mambo yalivyokuwa, kwa mpangilio, nisije nikasahau hata moja.

Juzi ilikuwa Jumamosi ya Visa, kwenye kantini ya zamani ya kiwanda. Mzee Chuma, aliyekuwa ofisa ustawi wetu, ndiye aliyeianzisha baada ya kiwanda kuuzwa na sisi kupunguzwa kazi. Husemi kisa chako mwenyewe. Unamsimulia mwenzako faraghani, na yeye ndiye anayekitoa ukumbini kwa "mimi", akiwa amevaa kitu chako kimoja. Tunaita kumvaa mtu. Kanuni ziko ukutani kwa chaki. Kisa kiwe cha kweli. Anayekitoa asiongeze, asipunguze. Kikiisha, mwenyewe asimame mbele ya wote aseme ni chake.

Mimi nilivaliwa na Stela, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi kuu. Siku hizi anasuka nywele karibu na stendi.

Kisa changu ni kifupi. Nilipopunguzwa sikumwambia mume wangu. Wiki kumi na moja niliondoka nyumbani alfajiri na hotpoti yangu ya chakula, nikakaa ng'ambo ya geti la kiwanda mpaka saa tisa na nusu, nikarudi kama mtu aliyetoka zamu. Basi. Stela akajifunga kitenge changu, akatembea kama bata, akamfikia mlinzi, akapiga magoti: "Kaka yangu, niache niingie hata nifagie tu!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu walifuta machozi.

Sikuwahi kuomba. Sikuwahi kupiga magoti. Nilikaa tu.

Kisha ilinibidi nisimame niseme ni changu. Nikasimama. Nikasema. Hilo ndilo linaloniunguza.

Jumatano, 29 Juni

Mwanangu Neema amerudi kutoka shuleni na kola imechanika. Amepigana. Wanamwita Mtoto wa Zamu. Ana miaka tisa. Nimeshona kola. Sikumwuliza nani alianza.

Mume wangu anasema nipuuze, watu watachoka. Hata yeye Jumamosi alicheka. Nilimwona.

Nimekwenda kwa Mzee Chuma. Nikamwambia Stela ameongeza, kanuni ya pili imevunjwa. Akaniambia, "Mwanangu Anastazia, ukumbi umefurahi sana. Na wewe ulisimama ukakiri." Nikaaga.

Namchukia Stela. Nimeona niliandike hivyo hivyo.

Jumamosi, 2 Julai

Leo tumechomoa karatasi za majina ya tutakaowavaa kwenye kopo la maziwa, kwa ajili ya Jumamosi ya tarehe 30. Nilimpata fundi bomba. Mama Hadija, mpishi wetu wa zamani, akampata Stela.

Kanuni hazisemi lolote kuhusu kubadilishana karatasi. Nilizisoma ukutani mara mbili kuhakikisha. Nikampa Mama Hadija koti la kijani alilolikodolea macho tangu Mei, akanipa Stela.

"Unamtaka huyu wa nini?" akaniuliza.

"Nimependa alivyonitendea."

Akanitazama. Si mjinga Mama Hadija. Akavaa koti lake akaenda.

Jumapili, 10 Julai

Stela amekuja baada ya misa kunisimulia. Nilidhani ataleta kisa cha kuchekesha. Nilikuwa nimeandaa daftari na kalamu mbili.

Hakuleta cha kuchekesha.

Mama yake ni mkulima wa mboga huko juu mlimani. Miaka yote alikuwa akishuka na tenga kichwani kuja kuuza sokoni. Ndiyo fedha iliyomsomesha Stela upigaji chapa. Mwaka wake wa kwanza kazini Stela alikwenda sokoni na mhasibu mgeni na mke wa mhasibu, watu wa makao makuu. Mama yake akamwona. Miguu mitupu, matope hadi magotini, tenga kichwani. Akaita kwa furaha, "Stela!"

Mke wa mhasibu akauliza, "Unamfahamu?"

Stela akasema, "Huyu mama huwa ananiuzia mboga."

Mama yake akatua tenga na kusema, "Ndiyo, mteja wangu wa siku nyingi. Karibuni, nitawapunguzia." Akachagua kabichi mbili nzuri kuliko zote kwa mkono wake. Stela akamlipa. Mama akasema asante, karibu tena.

Imepita miaka minane. Hawajawahi kuligusa jambo hilo. Wanaonana, wanakula pamoja, na hilo liko palepale katikati.

Stela alilia. Nilimpa maji. Nikaendelea kuandika.

Alhamisi, 14 Julai

Amerudi. Ana ombi. Mama yake anashuka mwisho wa mwezi kutibiwa macho na Jumamosi ile atakuwa ukumbini. Jumanne atarudi mlimani, na Stela anasema mwanamke yule akirudi juu safari hii huenda asishuke tena, magoti yamemwisha. Anataka nikimaliza kisa nimgeukie mama yake, niseme: "Mama, nisamehe."

"Mimi nimejaribu, Ana. Linafika mdomoni, naanza kuuliza habari za mbuzi. Wewe utakuwa mimi. Utaweza."

Nimemjibu nitafanya kazi yangu sawasawa.

Akanishukuru. Akanishika mikono yote miwili. Vidole vyake vinanuka mafuta ya nywele.

Ijumaa, 15 Julai

Nimefikiri mchana kutwa mezani. Nimefika hapa.

Kisa kiwe cha kweli. Stela hajawahi kumwomba mama yake radhi. Kwa hiyo radhi haimo katika kisa. Nikiitia, nimeongeza. Mimi si Stela, mimi siongezi.

Nitakitoa chote. Tenga, matope, "huyu mama huwa ananiuzia mboga", noti mkononi. Kila neno. Nitaishia kwenye "karibu tena". Kisha nitanyamaza na kumwacha asimame mbele ya mama yake na watu wote aseme ni chake. Kama nilivyosimama mimi.

Hakuna atakayeweza kunilaumu kwa kanuni yoyote.

Nimeuza suruali saba. Siku nzuri.

Jumapili, 17 Julai

Nimeamka mapema nikapanda mpaka njia ya miguu inaposhukia kutoka milimani. Nimewatazama wanawake wanaoteremka na mboga. Hawatui tenga kwa mikono. Wanapiga goti moja kwanza, mgongo umenyooka, ndipo mikono inapanda. Nimehesabu wanawake kumi na mmoja, wote namna hiyo. Nyumbani nimejaribu kwa beseni la nguo mpaka goti likavimba.

Neema kaniuliza ninamwiga nani. Nimemwambia bibi mmoja. Akasema, "Anaonekana amechoka." Nimefurahi. Ina maana naipata.

Ijumaa, 22 Julai

Nimeshika sauti ya Stela. Anapodanganya inapanda kidogo mwishoni. Nimeirudia sentensi ile mara hamsini labda. "Huyu mama huwa ananiuzia mboga." Sasa inanitoka bila kufikiri, hata nikiosha vyombo. Sipendi inavyonitoka kirahisi.

Jumanne, 26 Julai

Mama yake Stela amefika. Nimekutana nao njiani wakitoka kutazamwa macho. Mfupi, mweusi, shingo nene ya wabeba mizigo. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Anastazia? Huyu ananisimulia habari zako tu." Lafudhi ya milimani kabisa, kama ya bibi yangu mzaa mama.

Stela amenipa skafu yake ya njano ya kazini. Ndiyo nitakayoivaa.

Sikutegemea yule mama atakuwa na uso wa namna ile. Haibadilishi kitu. Neema leo tena ameitwa Mtoto wa Zamu.

Jumamosi, 30 Julai

Imekwisha. Niandike kabla haijachanganyika.

Tulianza saa tisa alasiri. Ukumbi umejaa, wengine madirishani. Stela benchi la mbele, mama yake kando yake katika gauni jipya. Mimi nilikuwa wa tatu.

Nilikitoa vizuri. Najua. Nilipopiga goti kutua tenga, wanawake wa Kiluguru, watu wa milimani, waliokaa nyuma waliguna. Niliposema "huyu mama huwa ananiuzia mboga", hakuna aliyecheka. Nilidhani watacheka. Palikuwa kimya mpaka nikasikia kuku nje. Nikachagua kabichi mbili zisizokuwapo. Nikapokea fedha. "Asante, karibu tena."

Nikanyamaza. Nikakunja mikono.

Stela alinitazama akingoja. Midomo yake ilikuwa inatengeneza lile neno, ananikumbusha. Nikatazama ukutani, kwenye kanuni. Nikamwona alipoelewa. Uso ulishuka wote kwa mara moja. Wiki tano nilikuwa nimeingojea sura ile, na niseme kweli, ilikuwa tamu.

Mzee Chuma akasema, "Mwenye kisa asimame."

Aliyesimama ni mama yake.

"Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo," akasema. "Huyu binti amesema vizuri lakini hajui yote. Mwanangu hakunikana. Tulipanga nyumbani tangu jana yake tuwafanyie wale wageni mzaha. Tulicheka sana jioni. Basi. Endeleeni na wengine."

Akaketi. Watu wakashusha pumzi, wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi mtundu huyu!" Ukumbi mzima ulimwamini.

Mimi nilijua ni uongo. Stela naye alijua. Mama alikuwa anamfichia tena, kama siku ile ya sokoni, kwa sauti ileile ya muuza mboga mwenye heshima zake. Stela angekaa kimya tu angekuwa amepona. Nilimwombea akae kimya. Ningekuwa na haki ya kumdharau maisha yangu yote.

Akasimama. Akamgeukia mama yake.

"Ni changu," akasema. "Mama, hatukupanga kitu. Nilikukana. Niliona aibu ya miguu yako. Nisamehe."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, pale pale.

Yule mama akavuta kamasi. Akamuuliza, "Zile kabichi mlizila?"

"Hapana, mama. Nilishindwa."

"Hasara," akasema. "Zilikuwa nzuri zile. Haya nyanyuka, unachafua sketi." Na akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, hakukiachia.

Watu walilia. Mama Hadija alilia ndani ya koti langu la kijani. Mzee Chuma hakuweza kumwita wa nne. Mimi nilibaki nimesimama mbele na skafu ya mtu shingoni, hakuna aliyekuwa ananitazama.

Jumapili, 31 Julai

Nina hasira kuliko mwezi uliopita. Nilitaka aondoke ameinamisha kichwa. Ameondoka amemshika mama yake mkono. Kama ningeitia ile radhi alivyotaka, angepata neno la kuazima, na mama angesema haya, na wangerudi kuulizana habari za mbuzi. Nimemlazimisha kulipata la kwake. Mimi ndiye niliyempa.

Amekuja mchana kuchukua skafu. Hakuingia ndani.

"Uliacha makusudi."

"Halikuwamo kwenye kisa."

"Najua kwa nini, Ana." Akaegemea fremu ya mlango. "Lile la kufagia niliongeza kwa sababu watu walikuwa wanasinzia."

Hivyo tu. Watu walikuwa wanasinzia. Mwanangu anapigana shuleni kwa sababu watu walikuwa wanasinzia.

Nikamwambia, "Sikuwahi kupiga magoti, Stela."

"Najua. Mimi ndiye niliyepiga."

Hakuniomba radhi. Sikumwomba. Nilimpa skafu yake imefuliwa na kupigwa pasi, kwa sababu ndivyo ninavyorudisha vitu.

Jumanne, 2 Agosti

Asubuhi ya mawingu. Sokoni hakuna watu.

Saa tatu mama yake Stela amekuja mezani kwangu peke yake, anapapasa meza moja hadi nyingine. Stela alikuwa na kichwa cha kusuka. Mama anataka sweta la kuvaa huko juu, kuna baridi. Nilimpa matano. Hakutazama rangi, aliyasugua shavuni moja moja, akachukua la kahawia, zito, ambalo nisingeliuza mwaka huu. Akapatana bei bila huruma.

Kisha akasema, "Mwanangu, nani alikufundisha kutua tenga?"

Nikamwambia nilikwenda kuwatazama njiani.

"Ulikwenda kuwatazama kwa ajili yangu mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki. Miaka minane nimemngoja yule. Umenifungulia."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia nilichokusudia. Tulikuwa wawili tu na yule wa nyanya hakuwapo. Nikafunga sweta kwenye gazeti, nikafunga kamba, nikakaza fundo mara mbili.

Nilimwomba jirani aniangalizie meza, nikamsindikiza mpaka kwenye gari la Mkuyuni, la kumrudisha huko juu. Haoni vizuri, kwa hiyo alinishika mkono njia nzima. Mkono mgumu kama mpini. Gari lilichelewa kujaa. Tulikaa kwenye benchi tukaongea habari za mbuzi.