Mama Filimbi Hewani

Jumanne, 4 Machi

Kipindi changu cha mchana redioni kilikwenda vizuri – kwaya, halafu rege, halafu dansi la zamani. Ndiyo maana wananiita Dada Mchanganyiko. Akapiga simu Mama Filimbi, yule anayeomba muziki wa filimbi kila wiki. Sauti nyepesi leo! Akasema amemtoroka mumewe, amembeba mtoto, hapigwi tena. Nikamuuliza kama yuko salama. Akajibu yuko kwa shoga yake, nyuma ya kinu cha unga. Hewani! Nikakata laini, nikaweka wimbo. Nimechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 5 Machi

Cherehani ndiyo inayonilisha, lakini leo nimeshona gauni moja tu, na mshono umepinda. Fundi mitambo wetu ananiambia nisijitie presha. Eti nani anatusikiliza zaidi ya wake zetu na kuku? Hata hivyo amefuta rekodi, isirudiwe Jumapili. Nimempigia Mama Filimbi. Hapatikani.

Alhamisi, 6 Machi

Mume amekuja.

Shati limenyooshwa, kofia mkononi, adabu tele. Hatuna mlinzi, sote tunajitolea, mlango una komeo tu. Alisema Jumanne alimsikia mkewe redioni, mara betri zikaisha. Angependa kusikia alikoishia. Nikamwambia haturekodi. Akamtazama Fundi. Fundi akainamia nyaya zake.

"Basi, shemeji," akaniambia taratibu. "Jumanne nitakuja kumsubiri hapa hapa. Lazima atapiga."

Shemeji! Tangu lini?

Jumamosi, 8 Machi

Polisi wanasema mambo ya mke na mume, aje mwenyewe alalamike. Nikaamua kwenda kinuni kumwonya. Kwenye kona ya pili nikageuka – ile kofia, nyuma yangu. Nikaingia dukani, nikanunua vifungo nisivyovihitaji. Nikatoka, yupo ng'ambo ya barabara, anasoma bango. Nikarudi nyumbani. Ningemfikisha mimi mwenyewe hadi mlangoni kwa mkewe!

Mama anauliza mbona sili. Nimemwambia jino.

Jumatatu, 10 Machi

Simu yake bado haipatikani. Nimemwomba Fundi aende kinuni badala yangu. Amerudi: shoga ameogopa, amewaambia watafute pa kwenda. Wameondoka asubuhi. Wapi, hajui.

Fundi anasema nisiende kesho, aweke muziki tu. Na Mama Filimbi akipiga, nani apokee?

Jumanne, 11 Machi

Naandika studio, wimbo ukicheza. Lazima mikono ifanye kitu.

Yupo. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya spika inayotoa kila tunachorusha. Nimetangaza kwamba leo hatupokei simu. Hakuinuka. Fundi amesimama mlangoni na bisibisi – mtu ambaye hajawahi kumpiga hata mbu.

Taa ya simu imewaka. Namba ya Mama Filimbi! Nimeshusha maiki, nimepokea, nimefunika mdomo kwa kiganja.

"Dada, nimepata chaji sasa hivi," ananong'ona. "Niko getini kwenu na mtoto. Sina pengine pa kwenda."

Nimemwambia asiingie, arudi, akimbie. Akauliza kwa nini. Nimemwambia nani yuko ndani. Kisha anasema hawezi kukimbia, mtoto ana homa, amelala mgongoni. Nimemwambia azunguke nyuma, kuna dirisha la stoo, Fundi atawavuta ndani.

Fundi ameelewa kwa macho tu. Ametoka mlangoni, anaelekea stoo.

Wimbo unakaribia kwisha. Nje, chini ya ukuta, mtoto anakohoa. Nimesikia mimi – naye je?

Benchi la mapokezi limelia. Amesimama.