Maksai wa Ghalani Ameanguka na Ameinuka

Kaka Shabani,

Salaam aleikum. Ndivyo nilivyozoea kukusalimu kila asubuhi mlangoni pa ghala, mimi mtoto wa Kimoraviani kutoka Iyula, na wewe ulikuwa unaitikia huku unacheka kwa jinsi nilivyoitamka. Sijui barua ya namna hii hupelekwa posta gani. Naandika tu. Leo Jumapili, nimetoka kanisani, nimekula, na mvua inapiga Tunduma yote mpaka Chapwa. Mimi sina pa kwenda, na wewe huna pa kukimbilia.

Nianze na habari ninazojua ungeziuliza kwanza. Mkeo, Mama Zaina, mzima. Anauza uji na maandazi palepale karibu na stesheni, na bado anamfukuza Sichone, yule kuli wetu, anayepita kila siku akiomba andazi la kuonja. Zaina ameingia darasa la tano na amerefuka, miguu yote, kama wewe. Sabuni ikifika duka la ushirika foleni inaanza jogoo hajawika. Sukari ndiyo usiulize. Na Maksai mzima. Alilala ubavu miezi miwili iliyopita, miguu hewani kama mbuzi wa sikukuu, lakini sasa mzima. Usishtuke. Nitakueleza yote kwa utaratibu.

Ulikuwa hupendi tumwite Maksai. "Hii ni mashine, ina jina lake, foklifti," ulikuwa unasema, na kidole juu kama mwalimu. Lakini Kaka, sisi watu wa Mbozi tumelima kwa maksai tangu utotoni. Tukiona kitu chenye pembe mbili mbele, kinachopiga mizigo begani bila kulalamika na kinakataa kuwaka asubuhi ya baridi, tukiiteje? Mwisho hata wewe nilikusikia ukimbembeleza: "Amka basi, Maksai, amka baba."

Na unakumbuka siku tuliyojuana? Mimi nilikuwa mshona magunia tu, nimekuja ghalani mwezi ule ule. Nikapita chini ya pembe zako zikiwa juu na mzigo wa mbolea, sindano yangu mkononi, nikiimba. Ulizima injini, ukashuka, ukanifokea mbele ya makuli wote mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kwetu mwanamume mgeni hamfokei binti wa watu namna ile. Nilinuna. Salamu yako nikaiacha hewani siku kadhaa. Ndipo ukaja na boga, sijui ulilitoa wapi, ukaliweka sakafuni, ukaniita na kila mtu, ukaziacha pembe zishuke juu yake. Lilipasuka, mbegu zikaruka mpaka kwenye mashati. Ukaniangalia. "Hicho ni kichwa chako, dada yangu. Chini ya mzigo ulioinuliwa hapiti mtu, hata kama ni mimi, hata kama ni waziri."

Kisha Sichone akauliza kama boga lile linapikwa au linazikwa. Tulilipika. Lilikuwa tamu.

Ulipoanza kunifundisha, wengi walidhani unanitania. Goti lako lilikuwa limeanza kukusumbua, ukasema unataka mtu wa kukusaidia, na ukasema mimi nina subira. Sikuwa na subira, Kaka, nilikuwa nimewahi kumwongoza maksai wa baba shambani, basi. Mchana wenzetu walipokwenda kula, ulinikalisha kwenye kiti na kichanja kitupu cha mbao, kile cha kupangia magunia, mbele yangu. Mara ya kwanza nilikata kona nikagonga nguzo kwa nyuma. Sikuelewa. Mbele nilikuwa nimepita vizuri! Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Maksai wenu anageuzwa kichwa," ukasema. "Huyu anageuzwa mkia. Ukikata kona, uulize mkia kwanza."

Mengine yaliingia polepole, na mengi uliyasema huku unatafuna karanga. Mzigo unatembea chini, karibu na sakafu, haupandishwi mpaka umefika unapowekwa. Ukikuziba macho, endesha kinyumenyume, na uangalie unakokwenda, siyo unakotoka. Mteremkoni mzigo unatazama juu kilimani siku zote, ukipanda na ukishuka. Kwenye kona ya mlango, honi, hata kama unajua hakuna mtu, kwa sababu asiyekuwapo ndiye anayegongwa. Na pembe si kiti. Hilo la pembe ulilirudia kuliko sala. Sichone alipozipanda siku ile, amesimama mikono kiunoni, akikuimbia "Ninyanyue, mukwai!" yaani bwana, kama anaongea na wateja wake wa ng'ambo ya mpaka, ulizima mashine, ukaondoka na ufunguo, ukaenda kunywa uji kwa mkeo. Kazi ilisimama mpaka aliposhuka na kukufuata kuomba radhi.

Nikueleze kuhusu mazishi, maana hukuyaona.

Kile kifua chako kilituchezea. Tulidhani ni baridi ya Tunduma tu, inayomkohoza kila mtu wa Kondoa. Asubuhi ile habari ilipofika ghalani hakuna aliyejua aanze na nini. Ndipo kuli mmoja akatoa wazo, kwa upendo kabisa, kwamba jeneza libebwe na Maksai kutoka nyumbani mpaka makaburini, amsindikize bwana wake. Watu wakaitikia. Wengine walianza kutafuta maua. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake, lakini nikasikia sauti yangu ikitoka: "Pembe si kiti! Mnataka aamke atufokee?" Kisha Mama Zaina, mjane mwenyewe, ndani ya kanga yake, akaanza kucheka. Kucheka kweli, machozi yakimtiririka. "Ataamka," akasema, "wallahi ataamka." Wakakubeba mabegani, wakipokezana, na nadhani hujawahi kubebwa kwa uangalifu kama ule.

Mimi sikulia siku ile. Nilijaribu. Machozi hayakuja.

Baada yako Maksai alisimama pembeni, kafunikwa turubai. Ndugu Silwimba, unamjua msimamizi wetu, alitafuta dereva Mbeya, akatafuta kwa watu wa reli, hakupata. Kahawa ikaanza kushuka kutoka Iyula na Ihanda, lori baada ya lori, magunia yakafika paani, mabehewa yakasubiri na makuli wakabeba kwa mgongo. Mmoja mgongo ukamkatika akalala nyumbani. Nikaenda ofisini nikasema naweza. Ndugu Silwimba alinitazama kwa huruma. "Dada Yunisi, ile si sindano ya magunia." Nikarudi nikashona. Aliyenisaidia ni Sichone. Aliingia ofisini bila kubisha hodi akasema makuli hawabebi tena gunia hata moja mpaka Yunisi ajaribiwe, na kama atagonga kitu watamlipia kwa migongo yao, maana migongo yenyewe imekwisha.

Nikajaribiwa. Sikugonga kitu. Nilipiga honi kila kona mpaka Ndugu Silwimba akaziba masikio.

Msimu wote nilikwenda hivyo, Kaka, na nilifurahi. Kuna asubuhi harufu ya kahawa imejaa ghalani, baridi inauma vidole, injini inanguruma chini yangu, na najiona kama nimekaa juu ya ng'ombe mzuri kuliko wote wa wilaya. Watu wa Iyula walioleta kahawa yao walisimama kuangalia. Baba alikuja siku moja. Aliizunguka mashine, akaipapasa shavuni, akarudi zake. Baadaye mama aliniambia alilisimulia kanisa zima.

Sasa lile la kuanguka.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku, na asubuhi tulikuwa tunateremsha mizigo kwenda kwenye mabehewa. Nilikuwa nashuka ule mteremko wa zege ulio nje ya mlango mkubwa, kinyumenyume, mzigo umetazama juu, pembe chini, polepole, kama ulivyotaka. Nilikuwa natazama nyuma. Mbele ya macho yangu ukingo wa mteremko ukakatika, chini ya gurudumu la nyuma, kama kipande cha mkate. Kumbe maji yalikuwa yamekula udongo wote chini na zege limebaki ganda tu.

Maksai akainama kushoto. Si kwa haraka. Alianza polepole kabisa, kama mtu anayesinzia kanisani, na ule upolepole ndio unaodanganya, maana unakupa muda wa kufikiri unaweza kutoka. Makuli walipiga kelele wote kwa pamoja: "Ruka! Yunisi, ruka!" Sichone alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Mwili wangu ulitaka kuruka, Kaka. Miguu ilikuwa tayari. Upande wa kushoto ardhi ilikuwa pale pale, karibu, laini ya tope.

Nikakusikia. Sisemi niliona mzuka, nisije nikasingiziwa uchawi. Nilikusikia tu, kama unavyosikia mtu aliyekuambia jambo mara nyingi: "Akianguka, anguka naye. Anayeruka huangukiwa. Shika usukani, kaza miguu, egemea upande wa pili." Nilishika. Nilikaza. Niliegemea kulia kwa nguvu zangu zote nikafumba macho.

Kishindo. Magunia yakapasuka, kahawa ikamiminika kama mvua ya mawe. Kisha injini ikazima yenyewe.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimening'inia kwenye kiti kama popo, kilemba kimeanguka, bega linauma, lakini mzima. Na ile nguzo ya chuma ya paa la Maksai, ile iliyo juu ya kiti upande wa kushoto, ilikuwa imezama kwenye tope. Pale pale, Kaka. Pale ambapo ningetua kama ningeruka.

Ndipo nikalia. Si kwa maumivu. Nilikulilia wewe, yale machozi ya msibani yaliyokuwa yamekataa, yote yakaja nikiwa nimeinama ubavu, kahawa imejaa hadi kwenye viatu. Makuli walidhani nimevunjika. Sichone alikuja mbio akateleza akaanguka kifudifudi mbele yangu, uso wote tope, akauliza, "Umekufa?" Nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka wakaona sasa kichwa ndicho kimeguswa.

Walimwinua Maksai kwa kamba na magogo, watu ishirini na wimbo mmoja. Wanawake walichambua kahawa kwenye tope punje kwa punje. Lakini maneno yalishaanza. Ukweli wa watu ndio huo: saa hiyo hiyo wapo waliosema mwanamke amemwangusha Maksai, arudi kwenye sindano. Walisema kwa sauti, nisikie. Nilikaa kwenye gunia nikawaza labda ni kweli, labda wewe ungeuona ule ukingo.

Ndugu Silwimba alikuja na mwavuli. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja mteremkoni, akaweka mwavuli chini, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya ofisini, akaingiza mkono chini ya zege. Mkono ukaingia mpaka begani. Akautoa, akausimamisha hewani wote wauone, mweusi kwa tope. "Nani angeliona hili?" akauliza. Akaitazama ile nguzo ya paa, akaitazama alama yake ardhini kwa muda mrefu. Kisha akaja kwangu akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikufundisha kukaa?"

Nikashindwa kutaja jina lako. Sichone ndiye aliyelitaja.

Mteremko ulifungwa, ukajengwa upya kwa mawe, na pembeni tumewekewa magogo ili gurudumu lisikaribie ukingo. Sasa kila baada ya mvua natembea pale kwa miguu kabla ya kuwasha injini, nikigonga zege kwa nyundo na kusikiliza. Hilo hukunifundisha wewe. Hilo nimejifundisha mwenyewe, na nadhani ungelipenda.

Jambo la mwisho. Mwezi uliopita Ndugu Silwimba aliniita akasema dereva mmoja hatoshi, nichague mtu nimfundishe. Nimemchagua Sichone. Najua, najua! Cheka tu. Lakini tangu siku ile ya tope amebadilika, hapiti hata chini ya ngazi. Ameshagonga ile nguzo ya ghala kwa nyuma, kama mimi. Kesho ataendesha peke yake kwa mara ya kwanza, na mzigo kamili, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Na nikwambie kweli, sikuogopa hivi hata siku ile niliyoanguka. Tangu jana silali vizuri. Nimeelewa sasa kwa nini ulikuwa unatafuna karanga muda wote nikiwa usukanini. Mimi nilidhani una njaa.

Lala vizuri, kaka yangu wa Kondoa. Zaina na mama yake nitawaangalia kama ndugu zangu wa tumbo moja. Na nakuahidi hivi: nikiwa mimi ndiye mwenye ufunguo, kila aliyeingia ghalani asubuhi atatoka jioni kwa miguu yake mwenyewe, akilalamikia njaa na kumsema msimamizi, kama binadamu yeyote mzima.

Niombee kesho. Sichone naye anakusalimu. Anasema nisisahau karanga.

Mdogo wako,
Yunisi