Mkia wa Mchoro Ulioufuta Ubaoni

Mwalimu,

Nilifika kwako Ipyana Jumanne, nikiwa na karatasi nilizonakili maktaba ya chuo kikuu ili nikuoneshe. Mke wako alinipokea barazani, akaniambia ulizikwa wiki tatu zilizopita. Malaria, alisema. Nikampa pole. Nikakaa tukachambua mchele.

Siku hizi wanunuzi binafsi wa kakao wanapita hadi mlangoni. Amewauzia ile ya shamba lako.

Tulipokuwa kidato cha nne ulikuja darasani na gazeti kuukuu la sayansi, uliloletewa na mfanyabiashara kutoka Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Ukatueleza milipuko ya miale ya gama: inatoka mbali mno angani, inawaka sekunde chache, inazimika. Ukachora mchoro wa nishati yake ubaoni. "Hili si joto tu," ulisema. "Mwanga wa kitu cha moto hukatika upesi nishati ikipanda. Huu una mkia mrefu."

Nikasimama. Nikasema kila kinachong'aa kina joto, kitabu kimeandika hivyo, na kwamba Mwalimu anasoma magazeti asiyoyaelewa. Darasa zima likacheka. Ulisema, "Inawezekana, binti," ukafuta ubao. Hukuligusia tena jambo hilo.

Sasa nimesoma. Elektroni zikienda karibu na kasi ya mwanga ndani ya uga wa sumaku, hupindishwa, na katika kupinda huko hutoa miale. Kisha huugonga mwanga huohuo na kuupandisha nishati juu zaidi. Huenda ndio mkia wako ule. Wataalamu bado wanabishana: upande wa nishati ndogo hesabu hazikai sawa, na wapo wanaosema joto kidogo limo. Lakini wewe uliusoma mchoro. Mimi nilikariri kitabu.

Nilimweleza mke wako yote. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa sahihi?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia nilivyolifanya darasa likucheke.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Siku ile alirudi amefurahi. Alisema hatimaye amepata anayebisha."

Mwalimu, miaka yote hiyo mimi nilidhani nilikuumiza. Basi.

Nimeomba kufundisha fizikia shuleni kwako. Wakinikubali, nitawaeleza wanafunzi yanayojulikana na yasiyojulikana bado, na nitawatajia jina lako. Atakayenibishia nitampa chaki aje mbele.

Pumzika, Mwalimu. Ndaga fijo. Asante sana.

Mwanafunzi wako,
Atupele